Neno Nililoliruka Likoni

Wakati wa vita nilikuwa karani wa jeshi huko Likoni, na kazi yangu hasa ilikuwa kuzungumza. Nilikuwa nimesoma misheni, Kiingereza nilikijua, na serikali ilipoamua kuweka mizinga juu ya jabali linalotazama mlango wa bahari, alitafutwa mtu wa kuwaeleza wenyeji. Nikapatikana mimi.

Juu ya jabali lile palikuwa na nyumba kumi na kitu, minazi, mikorosho na makaburi. Nyumba moja ilikuwa ya mamamkwe wangu. Alikuwa mjane. Mumewe alizikwa hatua chache tu kutoka jikoni, na kila asubuhi akimaliza kufagia uwanja, alifagia na pale kaburini.

Siku ya kikao, ofisa Mzungu hakusema mengi. Waitaliano hawako mbali, alisema, manowari zao zaweza kutokea siku yoyote, kwa hiyo watu wahame ndani ya wiki moja. Nikatafsiri. Jirani mmoja, mgema, akauliza, "Na vita vikiisha, tutarudi?"

Ofisa alijikuna shingo. Akasema labda, hilo litaangaliwa baadaye, yeye hawezi kuahidi.

Niliwatazama wale watu. Mamamkwe alikuwa amekaa nyuma kabisa, uso ameuelekeza pembeni, kama ilivyo heshima ya mkwe na mkwe. Nikasema, "Anasema vita vikiisha mtarudi."

"Inshallah," wakaitikia wengi, na nyuso zikalegea.

Nilijiambia nimefanya hivyo ili kikao kiishe salama, askari wasiitwe. Pengine ni kweli. Lakini pia niliona haya kuwa mimi ndiye wa kumletea mamamkwe habari ile, nikaipunguza makali.

Si wote walioniamini. Mgema aling'oa mlango wake, boriti zake, hata makuti akayashusha. Mamamkwe hakung'oa kitu. Mke wangu alimsihi angalau auchukue mlango, kwani ulikuwa wa mbao ngumu, wa tangu enzi za babu yake.

"Wa nini?" akamjibu. "Mumeo amesema tutarudi."

Akaja kwetu Mtongwe na mkeka, chungu na kuku wanne.

Nyumba yake ilibomolewa nikiwapo, daftari la vibarua mkononi. Ule mlango ulipasuliwa kuni, ukachemshiwa chai ya wafanyakazi. Nikainywa. Walipoanza kuchimba handaki la kuwekea mizinga, niliona litapita juu ya kaburi la bamkwe, nikamwangukia msimamizi, naye akalipinda kidogo. Hilo ndilo jema pekee nililolifanya pale. Kaburi likabaki, ila ndani ya seng'enge. Nyumbani sikusema lolote, si la mlango wala la kaburi.

Kuta za saruji zilipanda, nene kuliko nilivyopata kuona popote, isipokuwa kwenye ngome ya Wareno kule kisiwani, ambayo siku zile ilikuwa jela. Mizinga ilipofyatuliwa kwa mazoezi, vyungu vilipasuka majumbani na watoto wakakimbilia chini ya vitanda. Adui hakutokea hata siku moja.

Vita vikaisha. Asubuhi moja mamamkwe alikunja mkeka wake, akamwambia mke wangu, "Mwambie mumeo anipeleke."

Nikampeleka. Langoni tulimkuta askari, akatuambia hapo sasa ni mali ya serikali. Mamamkwe alimwonyesha kwa kidole ilipokuwa nyumba yake. Askari akatikisa kichwa. Hakuwa mtu mkali. Alituomba tu tuondoke asije akapata taabu.

Njiani mamamkwe alisimama. Miaka yote ile hakuwahi kunitazama usoni, lakini siku hiyo alinitazama.

"Mkwe, yule Mzungu alisema tutarudi?"

Ningeweza kusema ndiyo, asingejua kamwe.

"Alisema labda, mama."

"Labda."

"Ndiyo, mama. Neno hilo nililiruka mimi."

Aliugeuza tena uso pembeni. Kisha akasema, "Ningejua, ningemuaga marehemu."

Tukarudi nyumbani. Baada ya siku tatu akahamia kwa nduguye huko Matuga.

Niliandika barua tatu kuomba watu warudishiwe ardhi. Nilijibiwa moja: ardhi bado inahitajika. Ndipo nikaomba kidogo zaidi, aruhusiwe kulizuru kaburi la mumewe, na baada ya miezi mingi akapewa mchana mmoja. Nilikwenda Matuga kumchukua. Alikubali kwenda na bintiye. Mimi akanitumia maneno kwamba nisiingie.

Nikangoja nje ya seng'enge, juani. Walikaa muda mrefu. Walipotoka, mke wangu alikuwa amebeba jembe, na mamamkwe magoti yake yalikuwa na udongo. Akapita mbele yangu taratibu, uso pembeni.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba," akajibu, akaendelea na njia.

Alifariki mwaka uliofuata. Mke wangu hakunitupa. Tumezaa naye watoto sita na tumezeeka pamoja. Lakini nikimletea habari ya mtu, kwamba fulani kasema hivi, husikiliza hadi mwisho, kisha hutafuta mwingine aliyekuwapo akamwuliza.