Mahali pa Kusema Hapana

Kazi yenyewe ilikuwa ya karani wa stoo katika kiwanda cha unga karibu na reli, pale Nakuru. Kuhesabu magunia yanayoingia, kuhesabu yanayotoka, kuandika, kupiga muhuri. Kijana wa leo akisikia hivyo atacheka. Lakini tulikuwa katikati ya Emajensi, ile hali ya hatari ambayo wakoloni walitangaza Wakikuyu walipoasi, na Mkikuyu asiye na mwajiri hakuruhusiwa kukaa mjini. Askari walizunguka lokesheni, mitaa yetu Waafrika, wakigonga milango. Asiye na pasi ya kukaa mjini alipakiwa kwenye lori na kurudishwa kwao, yaani rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu ng'ambo ya milima ya Nyandarua.

Neno hilo, kwao, lilinichefua. Mama yangu alifika Ndabibi akiwa amebebwa mgongoni. Akakulia kwenye shamba la mzungu, akaolewa hapo, akamzika baba yangu hapo. Mwenye shamba alipowafukuza Wakikuyu wake wote, mimi na mama tukakimbilia chumba kimoja Nakuru. Rizavu hakuwa na shamba wala ndugu anayemjua sura. Kifua chake kilikuwa kibovu, na vumbi la Nakuru lilikizidisha, lakini hapa angalau alikuwa na majirani na kanisa. Mhindi niliyekuwa namfanyia kazi alifunga duka akahama, na pasi yangu ikawa inakaribia kwisha. Nikipata kazi ya kiwandani, tungekaa. Nikikosa, tungepakiwa wote wawili.

Nilikuwa na darasa la nane na mwandiko mzuri. Mambo ya kuhojiwa na mzungu sikuyajua hata kidogo. Mhindi alinichukua kwa kunitazama viatu tu.

Mama ndiye aliyenipeleka kwa jirani yetu, mzee mmoja aliyekuwa amepika kwenye nyumba za wazungu tangu ujana wake. Mzee alikubali kwa furaha. Alianza na mwili wangu: kucha, meno, nywele, na mafuta ya uso yasizidi, eti mzungu akiona uso unang'aa atadhani jasho la mwenye hatia. Mikono iwe nyuma, si mfukoni. Usikae mpaka uambiwe. Ukiambiwa, usiegemee.

"Na jambo kubwa zaidi, kijana," akasema, "usimkatalie. Mzungu hapendi kusikia no. Hiyo no yako iache nyumbani."

Jumapili baada ya kanisa tulifanya mazoezi uani. Yeye alikalia karai lililopinduliwa, akajifanya bwana, akakunja uso. Kiingereza chake chote kilikuwa cha jikoni, kwa hiyo maswali yalihusu chakula.

"Supu iko moto?" akauliza kwa Kiingereza.

"Yes, sir."

"Supu haiko moto?"

"Yes, sir."

"Vizuri! Lakini toa sauti. Mzungu hapendi mtu wa kunung'unika."

Mama alikuwa ameketi mlangoni akipepeta maharagwe, akacheka mpaka akakohoa. Kiingereza hakukijua, ila alipenda kuona miguu yangu imekaa pamoja namna ile. Alikuwa akiniita baba, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake. "Baba atapata," akamwambia mzee. Niliogopa sana kumsikia akisema hivyo, maana alisema kama jambo lililokwisha.

Siku yenyewe niliingia ofisini nikiwa safi kuliko nilivyowahi kuwa. Bwana wa kiwanda alikuwa mtu wa makamo, shingo nyekundu, sauti ya pole. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Aliniambia niketi. Akanipa hesabu za magunia, nikazimaliza kabla hajawasha sigara yake. Akanisomea barua fupi niiandike, akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaniuliza naishi na nani, nikamwambia mama. Akasema ningeanza Jumatatu.

Kisha, huku akiandika, bila hata kuinua macho, akauliza kwa Kiingereza lile swali ambalo kila Mkikuyu aliulizwa siku hizo, la kiapo cha kujiunga na waasi. Aliliuliza kama mtu anayefunga mlango tu kabla ya kuondoka. "Wewe hujala kiapo?"

Sikuwa nimekula. Si kwa ushujaa wala kwa dini. Nilikuwa mwoga, na wenye kulisha kiapo walijua kuwa mimi ni mwoga, wakaniruka. Nikajibu, "Yes, sir."

Kalamu ikasimama. Akanitazama, akauliza tena polepole, neno kwa neno, kama anavyoulizwa mtoto. Hujala kiapo?

Nikadhani hakunisikia. Nikakumbuka habari ya kutonung'unika, nikakaza mgongo, nikatoa sauti. "Yes, sir!"

Akainuka akatoka. Mimi nikabaki nimekaa pale, moyo umejaa furaha, nikitazama msumari ukutani ambapo ningetundika koti langu. Nilidhani amekwenda kuchukua karatasi za pasi. Aliporudi alikuwa na askari wawili. Hapo ndipo no ilinitoka, tena nyingi, mfululizo, mpaka askari mmoja akaniziba mdomo. Bwana akasema, kwa huzuni ya kweli, kwamba nimechelewa kukana.

Kwetu ukiulizwa, "Hujala?" nawe njaa inakuuma, unajibu, "Ndiyo." Unayakubali maneno ya aliyekuuliza: ndiyo, sijala. Mwingereza hana habari na maneno yake mwenyewe, anataka kujua tumbo lako. Hakuna mwalimu aliyenifundisha hilo, na mpishi asingeweza kulijua, kwa sababu supu ikipoa mtu anaionja.

Kwa mahojiano yaliyofuata sikuwa nimejiandaa. Katika kambi ya kizuizini waliniuliza kwa Kikuyu, na kwa Kikuyu nilieleweka vizuri, lakini nani angemwamini mtu aliyekiri mwenyewe mbele ya mzungu, mara mbili? Nilipigwa. Niliwekwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho, mpasha habari wao wa kutambua waliokula kiapo, naye akatikisa kichwa: hanijui. Hata baada ya hapo walinikalisha mpaka misimu ya mvua ikapita, kisha wakaniachilia kwa lori, moja kwa moja hadi rizavu.

Mama alikuwa ametangulia. Walimchukua wiki ile ile niliyokamatwa, kwa kuwa hapakuwa na wa kumkinga. Nilimtafuta kijiji hadi kijiji, vile vijiji vya Emajensi vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, nikieleza umbo lake na kikohozi chake.

Mwishowe mwanamke mmoja aliweka debe lake la maji chini. Akanipeleka nyuma ya vibanda, penye udongo ulioanza kuota nyasi. Alisema wanawake waliokuwa zamu ya kuchimba handaki ndio waliochimba na hapo, kwa majembe yale yale, na kwamba waliomba kidogo kabla msimamizi hajawaita.

Nikamwuliza walimwombea kwa jina gani.

Akainamisha macho. "Tulisema Mama wa Nakuru," akanijibu. "Hatukumjua."