Dari za Nchi Kumi na Moja

Kwa miaka kumi na tisa aliiwakilisha nchi yake katika kuogelea chali, na katika nchi kumi na moja alizofika, alichokumbuka vizuri ni dari. Muogeleaji wa chali haoni ukuta unapokaribia. Huona kamba ya bendera iliyotundikwa juu ya bwawa karibu na ukuta, akahesabu mapigo matano ya mikono, kisha akanyoosha mkono kuugusa.

Sasa bega lake la kulia lilikuwa limechakaa kama bawaba ya mlango wa zamani. Binti yake alisukwa na jirani, maana mama mtu hakuweza kuinua mkono hadi kichwani. Ndiyo maana asubuhi hiyo alikuwa chali tena, juu ya kitanda cha magurudumu, akisukumwa kwenda kupasuliwa.

"Dada, mbona midomo inacheza? Unasali?" muuguzi aliuliza.

"Nahesabu taa."

"Na huko nje ulikokuwa ukienda, kuzuri?"

"Dari zao ziko juu sana."

Muuguzi alicheka hadi akagonga kitanda mlangoni. "Yetu fupi, utuwie radhi. Bega likipona, utarudi majini?"

"Nataka kumsuka mwanangu tu, mdogo wangu. Maji nimeyachoka."

Daktari wa usingizi alimwambia ahesabu mpaka kumi. Alipofika tano, mkono wa kushoto ulijinyoosha wenyewe nyuma ya kichwa, ukitafuta ukuta. Muuguzi akaudaka kwa kiganja.

"Umeshafika, dada. Pumzika."

Akaamini, akaacha kuhesabu.