Kupika kwa Masikio ya Mama

Ukuta kati ya chumba changu na cha jirani yangu ni mwembamba, hata nikikata uzi yeye husikia. Mimi ni fundi cherehani na nafanyia kazi nyumbani, basi mambo yake nayajua bila kuuliza. Msiniite mmbea. Ukuta ndio mmbea.

Mtaani tunamwita Mama Geuza. Kazi yake ni kwenye chumba cha kufulia cha hospitali: kulisha mashine mashuka tangu alfajiri, kuyatoa yakiwa mazito kama mtu aliyezirai, kisha kuyapitisha kwenye pasi kubwa ya mvuke. Anarudi jioni amechoka hoi, miguu imevimba. Pua yake imekufa. Dawa ya kung'arishia nguo iliimaliza zamani, hata maziwa yakiungua mbele yake hasikii harufu. Mume alikwenda kutafuta maisha, na inaelekea aliyapata, maana hakurudi.

Alipoamua kuwafundisha watoto wake kupika, aliwafundisha kwa alichobakiwa nacho, yaani masikio. Hakusimama nao jikoni. Angesimama kwa miguu ya nani? Alijitupa kwenye kochi, akafumba macho, akatoa amri kupitia pazia la jikoni.

"Vitunguu vimeacha kulia, geuza! Hiyo sufuria inanong'ona, chochea moto! Mbona wali umenyamaza? Funika!"

Mwiko aliushika mwanawe mkubwa, kijana ambaye sauti yake ndiyo kwanza inavunjika. Mdogo wake wa kike, Kitinda, alimenya viazi hadi vikabaki kama gololi. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Lakini chakula kiliiva.

Kasoro ilikuwa moja. Watoto hawakujifunza kusikiliza sufuria, walijifunza kumsikiliza mama. Asiposema, mwiko hautembei. Kuna siku kikohozi kilimkaba, na mayai yakawa meusi huku wawili wale wamesimama wakiyatazama.

Halafu hospitali ikamwambia kwamba kuanzia wiki ijayo atahamia zamu ya jioni. Dada yake mkubwa akaja siku ileile. Huyu dada ana nyumba kubwa na sauti kubwa zaidi, naye ndiye aliyemlea Mama Geuza, kwa hiyo habishiwi.

"Mdogo wangu, ukiwa kazini hawa watakula nini? Wataunguza nyumba. Kitinda nitakaa naye mimi."

"Wanajua kupika, dada."

"Wanajua kupika ukiwepo. Basi, Jumapili nakuja kula. Wapike wenyewe. Ukitia neno hata moja, naondoka na mtoto."

Jioni ile jirani yangu alikuja kuketi kwenye kizingiti changu.

"Nimechoka, jirani. Sina hata nguvu za kugombana. Lakini huyu mtoto akiondoka, yale mashuka nafua kwa ajili ya nani?"

Nilimpa chai.

Jumapili dada alifika mapema, na kitu cha kwanza alichofanya ni kupanga nguo za Kitinda kwenye begi na kuliweka mlangoni. Nami nilikuwa nimealikwa, nadhani ili pawe na shahidi. Watoto wakaingia jikoni na mchele, maharage yaliyochemshwa jana, vitunguu na nyanya. Mama yao akakaa kwenye kochi, kiganja kimeziba mdomo.

Vitunguu vikaanza kulia kwenye mafuta. Nilimkodolea macho jirani yangu nikiomba Mungu asijisahau. Baada ya muda mkono ukateleza kutoka mdomoni, nikadhani anataka kusema. Kumbe amelala! Amelala fofofo, kinywa wazi. Mtu anayeamka gizani wiki nzima, unamkalisha kwenye kochi bila kazi, unategemea nini?

Jikoni vitunguu vikanyamaza. Mwiko haukusikika. Harufu ya kuungua ikatufikia, na dada akavuta mkoba wake karibu. Pazia likasogea, kijana akachungulia, akamwona mama yake. Nilijua atamwamsha. Akamtazama, akarudisha pazia polepole.

"Amelala," tukamsikia akinong'ona. "Tusimwamshe."

"Sasa nani atatuambia, kaka?" Kitinda alikuwa karibu kulia.

"Hakuna wa kutuambia. Hivi vimeungua, mwaga. Nipe vingine."

Vitunguu vikalia tena. Safari hii, kabla havijanyamaza, mwiko ukagonga sufuria.

Tulikula. Wali ulikuwa na ukoko mnene na maharage yalipungukiwa chumvi. Dada alimaliza sahani yake bila kusema kitu, na kwa jinsi ninavyomjua, hiyo ni sifa. Kisha akamtazama mdogo wake pale kwenye kochi, kwa muda mrefu.

"Mwacheni apumzike," akasema, akaondoka peke yake. Kijana akalirudisha begi chumbani, nami nikatoka kuketi mlangoni kwangu.

Jua lilikuwa linazama niliposikia kochi likilia, kisha nyayo, kisha mlango. Mama Geuza akatoka pekupeku. Alikuwa amekuta dada hayupo na begi halipo. Akatazama upande huu wa barabara, akatazama ule, halafu akakaa chini vumbini.

"Ameenda naye," akaniambia. "Mimi nimelala, jirani. Mwanangu anachukuliwa, mimi nimelala!"

"Mwanao yuko uani anakwangua ukoko," nikamwambia. "Inuka bwana, unatuaibisha."

Hakuinuka. Kitinda akaja ameshika sahani iliyofunikwa, kaka yake nyuma na maji ya kunawa. Wakamnawisha palepale chini. Akafunua sahani, akabaki anaitazama.

"Mama, mbona huli?" Kitinda akauliza. "Kibaya?"

"Hapana, mwanangu. Sijazoea tu kukuta kimeshapikwa."

Akaanza kula, machozi yanadondokea wali. Mimi nikarudi ndani kwenye cherehani yangu, kwa sababu sikuweza kuendelea kutazama.