Kilo Tano za Unga

Muuza vigari vya watoto alisikia kishindo cha unga mezani, akajua yule bibi amerudi. Mara ya nne sasa anakuja na mfuko wa kilo tano, uzito wa mjukuu wake. Anaulaza kwenye kigari, anaufunga mkanda, anausukuma mpaka mlangoni na kurudi, huku vidole vyake vinene vikibonyeza matairi kama anachagua nyanya. Vya magurudumu manne vyote alikwisha kuvikataa. Cha matatu alikuwa akikinunia tu.

"Hiki wamesahau kukimalizia."

"Mama, hicho ni chepesi, hakikusumbui hata kwenye ngazi."

"Hata mume wangu nilisifiwa hivyohivyo, nikamchukua bila kumjaribu. Leo najaribu."

Akakitoa nje. Mke wa mwanawe alishasema kwamba asiyeziweza ngazi za nyumbani hatatoka na mtoto, na bibi ana goti bovu. Alikipandisha ngazi za duka kwa mkono mmoja, wa pili umeshika goti. Akashuka, akapanda tena, akinong'ona peke yake. Muuzaji akamfuata kuuliza kama amfungashie kigari. Alimkuta ameufunika unga kwa mtandio wake, kidole mdomoni.

"Taratibu, baba. Ndiyo kwanza amelala."