Wake Wawili Mbele ya Meza ya Bwana

Mama yangu alikuwa mke wa pili. Baba alimwoa kule Lusu, wilayani Nzega, akiwa tayari na mke wa kwanza, ambaye sisi watoto tulimwita mama mkubwa. Wote wawili walilima mpunga shamba moja na kupika chungu kimoja. Baba hakuwa mtu wa kanisa. Wake zake ndio waliokwenda kila Jumapili, wakiongozana, na wakifika mlangoni wanaachana: mama mkubwa anakwenda mbele, mama anabaki nyuma na waliotengwa. Alilifagia kanisa lile, alikandika kuta zake, na nyimbo zote alizijua bila kitabu. Meza ya Bwana hakuigusa.

Baba alipofariki, wazee wa kanisa walimwita mama. Walimwambia sasa anaweza kurudi kundini, ila kwanza asimame mbele ya ushirika akiri kwamba miaka yote ile aliishi katika uzinzi. Nilikuwa kando yake. Mama aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Na hawa watoto wangu niwaite watoto wa nini?"

Jumapili iliyofuata alikaa kulekule nyuma, akaimba.

Mwaka juzi mtoto wa jicho alianza kumsumbua, nikamleta kwangu Cheyo, mjini Tabora, atibiwe. Ilipofika Jumapili nikaenda naye kanisani kwetu. Ni kanisa dogo, bado halina dari, na mvua ikinyesha mahubiri hayasikiki. Mchungaji wetu ni mwanamke. Kwaya inaongozwa na binti aliyezaa kabla ya ndoa, na hakuna aliyewahi kumvua joho. Mama aliyatazama hayo yote kwa jicho lake zima. Watu walipoinuka kwenda mezani, yeye akabaki ameketi, mikono mapajani.

Baada ya ibada mchungaji alikuja akaketi karibu naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Sikukuona mezani. Unaumwa?"

"Hapana. Mimi ni mke wa pili."

Mchungaji akamwomba amsimulie. Mama akamsimulia kila kitu, hata lile swali ambalo wazee hawakulijibu.

Wiki ile baraza la kanisa likakutana, nami nikiwa mjumbe. Mzee mmoja, fundi seremala anayeheshimiwa sana, alipinga. "Tukimpokea huyu, kesho watakuja wanaume na wake zao watatu watatu. Tutawaambia nini?"

"Wakija tutaongea nao," mchungaji akamjibu. "Leo tunaongea juu ya mjane mmoja. Niambie, mzee wangu, atubu kosa gani ambalo wewe na mimi hatulitubu pamoja kila Jumapili?"

Mzee yule alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Mama yangu alikuwa wa tatu. Kanisa lilikataa kumzika." Hakupinga tena.

Nilirudi nyumbani karibu nakimbia. Mama alikuwa anapepeta mchele uani. Nilipomweleza kwamba baraza limemkubali mezani, hakuacha kupepeta.

"Siendi," akasema.

"Kwa nini, mama?"

"Mwenzangu hajui. Siwezi kula kwa kumficha."

Basi nikampigia mama mkubwa, nikampa mama simu. Walizungumza Kinyamwezi, kwa sauti ya chini, na sikusikia mengi. Jumamosi mama mkubwa alishuka kwenye basi la Nzega akiwa na mfuko wa karanga na kanga mbili za sare, moja yake, moja ya mama.

Kesho yake kanisani, mchungaji alipouliza kama kuna mwenye neno, mama mkubwa alisimama. "Mimi na huyu tumepika chungu kimoja maisha yetu yote," akasema. "Kanisani peke yake ndiko nilikokula mimi, yeye akaniangalia. Nilinyamaza. Naomba anisamehe, nanyi mnisamehe."

Akamshika mama mkono, wakaenda mbele pamoja. Mama alikipokea kipande cha mkate kwa mikono miwili. Mimi niliwatazama kutoka kwenye kwaya.

Waliporudi kuketi, nilimwona mama anamnong'oneza mwenzake, wote wakacheka huku machozi yakiwatoka. Nilipomuuliza baadaye, alisema, "Nilimwambia, kumbe ni mkate wa dukani tu."

Lusu hawakufurahi. Mwinjilisti wa kule alisema mambo ya mjini yabaki mjini. Mama hakubishana naye. Jicho lilipopona, akaanza kuja Tabora kila mwezi pamoja na mama mkubwa, na wajane wengine wakawafuata, kwanza mmoja, kisha watatu. Wanalala kwangu kwenye mikeka, na sebule yangu hujaa vicheko mpaka wanangu wanalalamika.

Mwezi uliopita mwinjilisti mwenyewe alikuja nao. Alikaa ibada nzima. Baadaye tulikula naye wali nyumbani, mchungaji akiwepo, na maswali yake yalikuwa mengi, mengine makali. Mchungaji alijibu aliyoyaweza, na mengine akasema hajui. Mama alimwongezea mgeni mboga bila kuulizwa. Mwinjilisti aliondoka hajaamua lolote, lakini alimwomba mchungaji afike Lusu baada ya mavuno, aongee na wazee.