Redio ya Shule na Magamba ya Omena

Juzi mjukuu wangu alitoka shule, akaketi mlangoni na kitabu, akaniambia, "Dani, nisaidie na hii." Dani ndiyo nyanya kwa lugha ya kwetu. Miwani sikujua nimeiweka wapi, nikamwambia asome kwa sauti. Akasoma: "Wavuvi wote mikono yao hunuka samaki. Mikono ya Juma inanuka samaki. Kwa hivyo Juma ni mvuvi. Je, hoja hii inasimama? Eleza."

Rafiki yangu, niliweka mwiko chini. Miaka zaidi ya thelathini nimengoja mtu wa shule aniulize swali hilo, na sasa liko kwenye kitabu cha watoto, kwa alama mbili.

Miaka ya tisini ndiyo ilikuwa inaanza. Mimi nilikuwa darasa la saba, naishi na nyanya yangu hapa ufuoni Sindo. Nyanya alikuwa mama wa omena, wale dagaa wa ziwani. Mashua zikifika alfajiri tulinunua kwa karai, tukaimwaga juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa kwenye nyasi, na kabla sijaenda shule nilikuwa nimeshaipindua mara moja na kufukuza yangeyange mara ishirini. Uji wa mtama niliunywa nimesimama, kikombe mkono mmoja, fimbo mkono wa pili. Omena mbichi ikipigwa na jua la kwanza inameta mpaka macho yanauma, na magamba yake ni madogo kama vumbi. Oga kwa majivu, oga kwa sabuni ya mche, bado utayakuta kwenye kucha na nyuma ya masikio.

Nyanya hakukanyaga darasa hata siku moja, lakini hukuweza kumuuzia neno bovu. Wanunuzi walikuja kutoka Migori na magunia yao. Mmoja atachota omena kiganjani aseme, "Mama, hii imenyeshewa, ona haing'ai." Nyanya hata hainui kichwa. "Si lazima. Hata ya juzi haing'ai. Inuse kwanza ndio uniletee habari ya mvua." Na mimi sikuachwa. Nikisema imekauka kwa sababu juu imekauka, ananitupia moja kifuani. "Si lazima. Ivunje." Naivunja, ndani laini kama ugali. Kusema kweli alinichosha. Lakini kichwa kikazoea. Mtu akiniambia jambo ni hivi kwa sababu ya hivi, kichwa kilikuwa kinatafuta kama hakuna sababu nyingine.

Basi redio ya shule ikapotea, ile tuliyosikilizia vipindi. Mwalimu mkuu alikuta kabati wazi, na kwenye kitasa magamba ya omena yamekaukia. Akatupanga darasa la saba lote kwenye mstari. Mimi nilikuwa mfupi, kwa hivyo nilikuwa mbele. Akaushika mkono wangu, akaugeuza juani.

"Aliyefungua kabati ana magamba. Wewe una magamba. Ni wewe."

Nikamwambia, "Mwalimu, si lazima. Angalia na hawa wengine."

Nyuma yangu kulikuwa na watoto karibu arobaini, na nusu yao walikuwa wametoka kwenye nyavu asubuhi ile ile. Hakuangalia hata mmoja. Alianzia kwangu, akaishia kwangu. Nikachapwa kwa ajili ya redio, nikaongezwa kwa ajili ya mdomo, nikafukuzwa mpaka niirudishe. Mpaka leo nikikumbuka mate yangu yanakuwa machungu.

Kesho yake nyanya alinishika mkono tukaenda, leso yake bado imelowa maji ya ziwa. Aliongea Kiswahili chake cha kuuzia samaki.

"Mwalimu, nionyeshe mikono yako."

"Mama, hii ni ofisi, si soko."

"Ndiyo maana nimekuja. Sokoni maneno kama haya yako hayangepata mnunuzi. Jana ulichagua omena kwangu na hivyo vidole. Vilete tuone."

Watoto walikuwa wamejaa dirishani, wanacheka. Mwalimu akaweka mikono yake mfukoni. Nasema aliiweka mfukoni, nilimwona. Halafu akatuonyesha mlango kwa kidevu.

Wiki mbili baadaye redio ikarudi. Naibu wake alikuwa ameipeleka kwa fundi Homa Bay bila kumwambia mtu, na naibu huyo pia alikuwa mteja wetu wa asubuhi. Mwalimu mkuu akamtuma jirani yetu, fundi cherehani, alete ujumbe: "Mtoto arudi darasani." Basi. Hakuna neno lingine.

Nyanya akakataa. "Akirudi kimya watasema amesamehewa, na anayesamehewa ni aliyeiba. Mwalimu aseme mbele ya mstari kwamba alikosea. Asiposema, mtoto harudi." Mwalimu naye akasema hawezi kuomba radhi kwa mtoto wa darasa la saba. Fundi cherehani alichoka kwenda na kurudi na maneno ya wakubwa wawili. Muhula ukaisha, ukaja mwingine. Mtihani wa darasa la nane wenzangu waliufanya, mimi niko kwenye nyavu. Baadaye nikaolewa.

Nimeipindua hoja ya nyanya miaka hii yote, na ndani yake bado ni laini. Alisema njia ni mbili, mwalimu aombe radhi au nikae nyumbani. Si lazima. Ningeweza kurudi na mdomo wangu, nikakaa benchi la mbele, akaniona kila asubuhi mpaka macho yamuume. Nyanya aliyewavunjia watu wote omena zao, yake hakuivunja. Namkasirikia mwalimu, na nyanya yangu nampenda, lakini naye namkasirikia.

Siku hizi omena inaanikwa juu ya vichanja vya waya, nyasi zile zimejengwa vibanda, na nyanya amelala kaburini nyuma ya nyumba. Mwalimu alistaafu akaenda kwao, mikono yake bado mfukoni.

Mjukuu wangu aliandika "Si lazima", akaniuliza kama inatosha. Nikamwambia aongeze sababu. Muuza samaki ananuka, anayekula ananuka, hata mwalimu ananuka. Akaandika zote tatu, ananicheka.

Jana alirudi. Alama mbili kwa mbili, na mwalimu wake ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Vizuri sana, umefikiri." Jibu lile lile lililonitoa mimi darasani. Alitaka kunisomea, nikamwambia angoje. Nilitafuta miwani nyumba nzima mpaka nikaipata, nikajisomea mwenyewe.