Dume la Chuma Lililopakwa Rangi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipokaa nikaiharibu kazi yangu kwa mikono yangu mwenyewe, na kibaya zaidi nilikuwa nikipiga mluzi.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi kijana mwenye kifua na maneno mengi. Uhunzi nilifundishwa na mjomba wangu, Mzee Lihanda, kule karibu na Iguhu. Yeye alifua majembe na visu. Mimi nikaanza kufua vitu ambavyo hakuna mtu angevilimia. Watu walinicheka. Siku moja nilichukua springi kuukuu ya lori, nikaifua majuma matatu mpaka ikawa kichwa cha fahali, yule fahali wa jirani yetu aliyevunjika pembe kwenye uwanja wa mapigano ya mafahali na bado akakataa kukimbia. Mikunjo ya shingo sikuichonga. Kila mkunjo ulikuwa pigo moja la nyundo, chuma kikiwa chekundu. Mjomba alikitazama, akaenda kuita majirani. Kwa mtu kama yeye, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Hapo nikasikia kuna maonyesho ya sanaa katika ukumbi mmoja Kakamega mjini. Nikakitia kichwa changu guniani, nikaenda. Msimamizi, bwana mmoja mwenye tai, alikigusa kwa ncha ya kidole, akasema hiyo ni kazi ya jua kali, ya mafundi wa kando ya barabara, nikaipange nje pamoja na majembe. Nikambembeleza. Ndiyo, nilibembeleza, na hadi leo nikikumbuka nashikwa na hasira. Akasema basi nikilainishe, alama za nyundo zisionekane, nikipake rangi ya fedha, ndipo atanipa nafasi mezani.

Nikaketi na tupa siku mbili, nikisugua. Rangi ilipokauka, kichwa kiling'aa kama sufuria mpya. Nikapewa meza karibu na dirisha, nikajiona nimefika.

Siku ya kufungua, mjomba alikuja na koti lake la kanisani. Nilimwona kwa mbali akizunguka ukumbi, akiipita kazi yangu, akirudi, akiipita tena. Mwishowe akanijia.

"Mwipwa wangu, nimezunguka hapa mara tatu. Kazi yako wameweka wapi?"

Nikamwonyesha. Akapapasa ile shingo, pale palipokuwa na mikunjo.

"Hii kitu nani alitengeneza?" akauliza. "Tupa?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikakinyanyua kile kichwa mbele ya watu wote. Msimamizi akaniambia nikitoka nacho nisirudi, nami nikatoka nacho.

Tukakirudisha motoni. Mjomba, mzee mzima, alivukuta mivukuto, mimi nikapiga nyundo. Rangi iliungua kwa moshi wa kukohoza. Chuma kilikuwa kimepungua kwa kusuguliwa, kwa hiyo mikunjo haikurudi ilivyokuwa. Shingo ilitoka nyembamba, imejaa makovu. Sikujaribu kuyaficha.

Kesho yake nilikiweka kwenye ngazi za ukumbi, katikati kabisa. Msimamizi akaniamuru nikiondoe. Nikakaa kando ya kile kichwa, nikamwambia anibebe na mimi.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli akasimama, akainama, akaigusa ile pembe iliyovunjika.

"Hii si ni ile ng'ombe ya Iguhu? Ile ilivunjika pembe ikakataa kukimbia?"

Akaita mwenzake, huyo akaita wengine, na baada ya muda watu walikuwa wakiimba nyimbo za uwanjani palepale mlangoni. Wageni waliokuwa ndani wakatoka nje kutazama. Alasiri msimamizi alikuja, sauti imelainika, akasema meza yangu bado iko wazi.

"Hapa panatosha," nikamjibu.

Sasa sikiliza, mwanangu. Ukifua chuma, au ukifanya kazi yoyote ya mkono, atatokea mtu akwambie hiyo si sanaa. Usimbembeleze. Jifunze kazi yako sawasawa, kisha usiifute alama ya mkono wako ili tu upewe nafasi. Wakikosa meza ya kuiweka, iweke nje, nawe ukae kando yake.

Mungu akupe moto usiozimika na bega lisilochoka. Na siku utakapoishika tupa kama mimi, akuletee mtu wa kukuuliza swali moja tu, nawe uwe na masikio ya kulisikia.